Kompyuta Kuukuu ya Gemu na Hesabu ya Kuiongezea Nguvu

Kompyuta iliyoundwa mwaka 2014 hufanya leo kiasi kilekile cha hesabu kwa sekunde ilichokifanya siku ilipotoka kiwandani, ilimradi vumbi halijaizuia kupoa na hakuna kipande kilichoungua. Mtu anapolalamika kwamba kompyuta yake ya gemu imezeeka, kwa hiyo, anachokizungumzia ni uhusiano kati ya mashine isiyobadilika na programu zinazobadilika kila mwaka, na uhusiano huo huharibika kwa njia mbili ambazo wanunuzi wengi huzichanganya. Kuna upungufu wa kasi, ambapo gemu mpya hudai hesabu nyingi kuliko mashine inavyoweza kuzimaliza kwa wakati. Na kuna kukataliwa, ambapo mfumo endeshi au gemu yenyewe haikubali kufanya kazi na vifaa vya kizazi fulani hata kama kasi yao ingetosha. Upungufu wa kasi hupungua kadiri fedha inavyoongezwa, hatua kwa hatua. Kukataliwa hakupungui: mashine ama imekidhi sharti ama haijakidhi, na kwa kawaida sharti hilo halikidhiki kwa kubadilisha kipande kimoja.

Mfano unaofaa kuchambuliwa ni Dell OptiPlex 9020, kompyuta ya ofisi iliyotoka mwaka 2013 ikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha nne. Mashine za jamii hiyo, zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya na Marekani, huonekana kwa wingi katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na vijana wengi wameingia katika gemu za kompyuta kwa kununua mashine kama hiyo na kuiongezea kadi ndogo ya grafiki. Swali linalowakabili baada ya miaka michache ni lilelile: je, fedha iliyopo iingizwe tena katika mashine hii, au ihifadhiwe kwa ajili ya nyingine? Jibu hutegemea sana kipande gani kinachoibana mashine, na hutegemea zaidi kama kifaa kitakachonunuliwa kitaweza kuhamia katika mashine itakayofuata.

Ili kuelewa mahali panapobana, ni lazima kwanza ieleweke namna picha ya gemu inavyotengenezwa. Kinachoonekana kwenye skrini kama mwendo ni mfululizo wa picha tuli, na kila moja huitwa fremu. Prosesa, yaani kipande kinachotekeleza maagizo ya programu, huamua kila kitu kiko wapi: mpira umefika wapi, adui anaelekea upande gani, ukuta upi umevunjika. Kisha hukabidhi maelezo hayo kwa kadi ya grafiki, ambayo huyachora kwa rangi, mwanga na kivuli. Fremu 60 kwa sekunde, kiwango ambacho skrini ya kawaida ya ofisi inaweza kukionyesha, huacha muda wa milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu. Kwa kuwa vipande hivi viwili hufanya kazi sambamba, kimoja kikiandaa fremu ijayo huku kingine kikichora iliyopo, mwendo wa jumla huamuliwa na kilicho cha polepole zaidi. Ikiwa prosesa inahitaji milisekunde 22 na kadi inahitaji 12, mchezaji atapata takriban fremu 45, na hakuna kadi yoyote duniani, hata iwe ya bei gani, itakayoziongeza.

Kupima jambo hili hakugharimu kitu. Programu ya bure ya MSI Afterburner, ikisaidiwa na RivaTuner, huandika pembeni mwa skrini kiasi cha kazi inayofanywa na kila kipande wakati gemu inaendelea. Kadi ikisimama kwenye asilimia 95 au zaidi muda wote, kadi ndiyo inayobana. Ikielea kwenye asilimia 60 huku fremu zikipanda na kushuka, na hakuna kikomo cha fremu kilichowekwa katika mipangilio, prosesa ndiyo inayoshukiwa. Tahadhari inahitajika katika kusoma asilimia ya prosesa, kwa kuwa namba ya jumla hudanganya: prosesa ya Core i5-4590 ina viini vinne, kila kimoja kikiwa kama fundi anayefanya kazi peke yake, na jumla ya asilimia 25 inaweza kumaanisha kwamba kazi iliyopo inatosha kukijaza kiini kimoja tu na haiwezi kugawanywa, wakati vingine vinasubiri. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kushusha ukubwa wa picha kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Hatua hiyo huipunguzia kadi pikseli za kuchora kwa zaidi ya nusu lakini haiipunguzii prosesa chochote cha maana. Fremu zikibaki palepale, kadi haikuwa na kosa.

Mtu akifanya kipimo hiki katika gemu anazozipenda hasa, si katika orodha za majaribio za watu wengine, mara nyingi atagundua kwamba gemu mbili hutoa majibu mawili tofauti. Counter-Strike 2 na Valorant, ambazo huchezwa kwa ushindani na kwa picha nyepesi, hubanwa na prosesa. Cyberpunk 2077 kwenye kadi ndogo hubanwa na kadi kabla prosesa haijalalamika. Kwa hiyo usemi wa mitaani kwamba "kompyuta hii inahitaji kadi" hauna maana mpaka gemu itajwe.

Kabla ya ununuzi wowote yapo mambo ya bei ndogo ambayo hujifanya uzee. Kipoza joto kilichojaa vumbi na pesti ya joto iliyokauka, ambayo ni ute unaojaza nafasi kati ya prosesa na kipoza joto, huilazimisha prosesa kupunguza kasi yake ili isiungue, na katika miji ya pwani ambako joto la chumba liko juu mwaka mzima hali hiyo hufika mapema. Diski ya zamani ya kuzunguka, inayosoma data kwa takriban megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, ni chanzo kingine. Diski ya SSD ya aina ya SATA husoma hadi karibu 550 na, muhimu zaidi, hupata faili ndogondogo zilizotawanyika bila kusubiri sahani izunguke. SSD haiongezi fremu kwa kawaida, lakini hupunguza kungoja na ile mikwamo ya ghafla mchezaji anapoingia eneo jipya, na baadhi ya gemu, kama Starfield ya mwaka 2023, zimeitaja waziwazi kuwa sharti.

RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu huweka data inayotumika sasa hivi, inastahili maelezo marefu zaidi kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote. Mauzo huzungumzia ukubwa tu, gigabaiti 8 au 16, lakini prosesa ya OptiPlex 9020 ina njia mbili za kuifikia kumbukumbu hiyo, na kipande kimoja cha RAM hutumia njia moja tu. RAM ya DDR3 ya kasi ya 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde kwa njia moja na 25.6 kwa njia mbili. Mashine nyingi za ofisi zilifungwa kipande kimoja kwa sababu kazi za ofisi hazikuhitaji zaidi, na mmiliki wa sasa anayeongeza kipande cha pili kinacholingana na cha kwanza hupata ukubwa na upana wa njia kwa mara moja. DDR3 ni ya zamani na haitahamia katika mashine yoyote mpya, hivyo kwa kanuni itakayoelezwa chini ingepaswa kukataliwa. Hata hivyo, kipande kimoja kilichotumika huuzwa kwa bei ndogo kiasi kwamba hasara yake inavumilika, hasa ikiwa mashine ina gigabaiti 8 tu.

Baada ya hapo ndipo inapokuja kadi ya grafiki, na pamoja nayo suala la umeme ambalo wauzaji hulitaja mwishoni au hawalitaji kabisa. OptiPlex 9020 ya umbo la mnara ina pawa saplai ya wati 290, na ile ya umbo dogo wati 255, na zote hazina nyaya za ziada za kulisha kadi kubwa. Tundu la kadi kwenye ubao mama, ule ubao unaounganisha vipande vyote, hutoa wati 75 peke yake. Mipaka hiyo imefanya orodha ya kadi zinazofaa iwe fupi: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, matoleo ya GTX 1650 ya mwaka 2019 yasiyo na kiunganishi cha umeme, RX 6400 ya mwaka 2022 inayotumia wati 53, na RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka mwaka 2024 ikitumia wati 70. Mwenye kompyuta ya umbo dogo hupunguziwa tena uchaguzi, kwa sababu anahitaji kadi ya kimo kifupi.

Ndani ya orodha hiyo umo mtego mmoja. RX 6400 imeundwa kuwasiliana na ubao mama kwa njia nne tu badala ya 16, jambo lisilo na athari kubwa kwenye bao mpya zenye PCIe, yaani njia ya mawasiliano ya tundu la kadi, ya kizazi cha nne, ambako njia nne hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye OptiPlex 9020, yenye PCIe ya kizazi cha tatu, kiasi hicho hukatika nusu. Kadi hiyo ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, na gemu za sasa zikiijaza, data inayozidi hulazimika kupita kwenye njia hiyo nyembamba katikati ya uchoraji, na fremu huanguka ghafla. Kadi iliyouzwa kama tiba ya mashine za zamani hufanya kazi vibaya zaidi katika mashine hizohizo za zamani. GTX 1650, ingawa ni ya miaka mitatu nyuma yake na ina kumbukumbu ileile ya gigabaiti 4, hutumia njia zote 16 na haina udhaifu huo.

Hapa uchambuzi unafika kwenye kukataliwa, na hali imekuwa ngumu zaidi tangu mwaka 2023. Alan Wake 2, iliyotoka Oktoba mwaka huo, ilijengwa juu ya namna mpya ya kuandaa maumbo ambayo kadi za GTX 10 hazina, na hata GTX 1080 Ti, kadi ya kifahari ya mwaka 2017, iliichezesha kwa shida. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zilikwenda mbali zaidi: hazifunguki bila kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale, yaani kukokotoa njia ya mwanga unavyogonga vitu na kurudi. Mnamo Oktoba 2025 NVIDIA ilitoa draiva ya mwisho ya kawaida ya gemu kwa kadi za GTX 900 na GTX 10, draiva zikiwa programu zinazouunganisha mfumo endeshi na kadi, na kuziachia masahihisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kwa hiyo GTX 1060 ya gigabaiti 6, iliyokuwa kipenzi cha wachezaji kwa miaka mingi na ambayo bado hupendekezwa na mafundi wengi, leo ni kadi ya gemu za jana. Kwa anayetaka gemu za jana, si ununuzi mbaya, lakini inunuliwe kwa kujua hivyo.

Windows nayo imeweka sharti lake. Windows 10 iliacha kupokea sasisho za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji binafsi walipewa fursa ya kujiandikisha kwa sasisho za usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Windows 11 hudai prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya kompyuta inayotunza funguo za siri za usalama. OptiPlex 9020 ina TPM 1.2 na prosesa ya kizazi cha nne. Mafundi wanajua namna ya kuukwepa ukaguzi huo, na mfumo husimama na kufanya kazi. Mwanya huo hauwafai wote, kwa sababu mfumo wa kuzuia udanganyifu wa Valorant, ukikuta Windows 11, hudai TPM 2.0 pamoja na uwashaji salama, na humzuia mchezaji asiyekuwa navyo. Linux, ikisaidiwa na programu ya Proton ya kampuni ya Valve, huziendesha gemu nyingi za mchezaji mmoja vizuri na bila malipo; lakini Valorant haichezeki humo, na sehemu ya mtandaoni ya GTA V iliacha kukubali Linux Septemba 2024. Anayecheza peke yake ana njia ya kutokea, na anayecheza na wenzake mtandaoni huenda hana.

Mambo hayo yakiwekwa pamoja, hesabu ya fedha hubadilika umbo. Mazoea ya wengi ni kulinganisha bei ya kifaa na ongezeko la fremu, kisha kuchagua kifaa kinachotoa fremu nyingi kwa fedha kidogo. Ulinganisho huo unasahau kwamba mashine ya namna hii itaachwa hata hivyo baada ya mwaka mmoja au miwili, na kwamba vipande havipotei kwa usawa siku ya kuiacha. SSD, kadi ya grafiki, skrini na pawa saplai ya kawaida huhama. Prosesa, ubao mama na RAM ya DDR3 hubaki. Gharama halisi ya kifaa kwa mashine kuukuu ni bei yake ikiondolewa thamani kitakayokuwa nayo katika mashine mpya. Kwa kipimo hicho SSD inagharimu karibu na bure, wakati Core i7-4790 iliyonunuliwa kuchukua nafasi ya i5-4590 inagharimu bei yake yote. Tena prosesa za kilele cha kila soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye ubao mama, hukawia kushuka bei katika soko la vitu vilivyotumika, kwa sababu kila mwenye ubao wa aina hiyo hana pengine pa kupanda. I7-4790 huwezesha kila kiini kushika kazi mbili kwa wakati mmoja, na huo ni msaada wa kweli katika gemu nzito, lakini ni msaada ulionunuliwa kwa fedha isiyorudi.

Kipimo hicho kinaongoza kwenye pendekezo linalopingana na ushauri wa kawaida wa kulinganisha nguvu za vipande. Mwenye OptiPlex 9020 ya umbo la mnara, akiwa na nia thabiti ya kununua mashine nyingine baadaye, anafanya vyema zaidi kununua pawa saplai nzuri ya kawaida, adapta ndogo ya kuiunganisha na kiunganishi cha pekee cha ubao wa Dell, na kadi iliyotumika ya daraja la RX 6600, kuliko kununua GTX 1650. RX 6600, ya Oktoba 2021, ina gigabaiti 8, inatumia takriban wati 132 na ina vifaa vya kufuatilia miale, hivyo hufungua hata gemu zile mbili zisizofunguka bila vifaa hivyo. Kweli, i5 ya viini vinne haitaitumia yote. Ila kadi isiyotumika yote si hasara tupu: mchezaji anaweza kupandisha ubora wa picha bila kupoteza fremu, kwa kuwa kazi hiyo iko upande ambao haubani, na siku mashine inapobadilishwa kadi na pawa saplai huhamia mara moja. Mwenye umbo dogo hana njia hiyo, kwa sababu kasha lake halipokei pawa saplai ya kawaida, na kwake GTX 1650 ya kimo kifupi iliyotumika, au kutonunua chochote, ndiyo majibu mawili yenye mantiki.

Pawa saplai, kwa bahati mbaya, ndiyo kifaa ambacho bajeti hukikata kwanza. Lebo ya wati 500 kwenye kasha jepesi lisilo na jina haithibitishi kitu, na hata alama ya 80 Plus hupima ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto, haipimi usalama. Pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo mara kwa mara, pawa saplai mbovu inaweza kuondoka na kadi iliyogharimu mara kadhaa ya bei yake.

Umri wa mashine peke yake hauamui. Kompyuta yenye Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017 inaonekana kuwa ya kuachwa, lakini imekaa kwenye soketi ya AM4, ambayo AMD iliendelea kuitolea prosesa kwa miaka mingi. Baada ya kusasisha BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mama, na kuthibitisha kwamba mtengenezaji wa ubao ameruhusu, mmiliki anaweza kuingiza Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, akabaki na ubao na RAM yake ya DDR4, na papo hapo akakubalika na Windows 11. Intel haikuwapa wateja wake wepesi huo: soketi ya LGA1151 ya mwaka 2015 na ile ya mwaka 2017 zina idadi sawa ya pini, ila prosesa za kizazi cha nane hazikubaliwi na bao za kizazi cha sita. Tangu mwisho wa 2025, bei za RAM zilipopanda kwa kasi baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde, mwenye DDR4 tayari mkononi ana sababu ya ziada ya kubaki nayo, kwa kuwa ndicho kipande kilichoifanya mashine mpya iwe ghali ghafla.

Kinachobaki ni soko lenyewe, kwa sababu hesabu nzuri huharibika kaunta. Kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali ziliingia sokoni kwa wingi baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022. Nyingi bado ni nzima, ila feni na pesti zake zimechoka. RX 580 yenye maandishi 2048SP ni kadi dhaifu kuliko RX 580 ya kawaida, ambayo ina vitengo 2304 vya kukokotoa. Zipo pia kadi za miaka ya nyuma sana zilizobadilishwa programu yake ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi kati ya hizo kwa kulinganisha kinachodaiwa na kilichomo. Mnunuzi aiombe kadi ifungwe kwenye mashine dukani, GPU-Z ifunguliwe, kisha gemu nzito ichezwe kwa nusu saa huku joto likisomwa. Muuzaji akikataa, fedha irudi mfukoni na kadi itafutwe duka jingine.